Kabla hujalipia roshani ya meli, uliza ina mlango au ina kitufe

Mara ya kwanza mama kubonyeza kile kitufe, aliruka nyuma. Kioo kilianza kushuka taratibu, na mngurumo mdogo kama wa friji, upepo wa baridi ukaingia chumbani na harufu ya mwani na dizeli. Kilipofika usawa wa kifua chake kikasimama. Mama akasogea, akachungulia chini, akayaona maji ya Seattle yakichapa ubavu wa meli, kisha akageuka akaniuliza, "Sasa hapa niko ndani au niko nje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma kurasa kwa kurasa kuhusu vyumba hivi kabla ya kulipa, nikalinganisha bei, nikatazama picha hadi macho yakauma, na swali hilo halikunijia hata siku moja. Sasa naliona ndilo la kuanza nalo, kwa sababu hapo ndipo roshani hizi mbili zinapoachana.

Nieleze kwa wasiowahi kupanda meli hizi. Chumba cha roshani ya kawaida kina mlango wa kioo wa kusukuma kando. Unainua mguu kuvuka kizingiti cha chuma, unatoka, na uko nje: viti viwili, kimeza, reli mbele yako, viambaza viwili vinavyokutenga na majirani, na juu yako sakafu ya roshani ya chumba kingine. Roshani iliyofungwa haina hayo. Chumba kinakwenda moja kwa moja hadi ubavuni mwa meli, na mwisho wake ni kioo kizima kuanzia sakafuni hadi darini. Kioo hicho kimegawanyika vipande viwili, cha juu na cha chini, na ukibonyeza kitufe, kile cha juu kinashuka nyuma ya cha chini. Pale ambapo roshani ingekuwa wanaweka viti na kimeza, na milango ya kukunja unayoweza kuivuta ikatenga sehemu ile na kitanda. Ukipenda unaikunja yote, chumba kikawa kimoja.

Niseme mapema ninaposimama. Nikisafiri na mume wangu nataka roshani yenye mlango. Nikisafiri na mama nachukua yenye kitufe, na sisiti.

Safari yetu ya kwanza, mimi na mume wangu, ilikuwa Mediterania, wiki moja kutoka Barcelona, mwezi wa Oktoba. Tulikuwa tumetimiza miaka kumi ya ndoa na tulikuwa tumeweka akiba miaka mitatu. Usiku tulipotoka Napoli kuelekea Sicily, nahodha alitangaza kwamba meli itapita karibu na Stromboli, kisiwa chenye volkano ambayo mabaharia tangu zamani wameiita mnara wa taa wa Mediterania. Tukazima taa zote za chumba, tukatoka, tukaufunga mlango nyuma yetu.

Mwanzo hatukuona kitu. Giza, na sauti ya maji yanayochanwa na meli sitaha nane chini yetu, sauti ile isiyokatika ambayo baada ya dakika kumi unaacha kuisikia na ukiikosa unashtuka. Halafu huko juu, mahali tulipodhani ni mawingu, wekundu ukaruka, ukatanuka kama makaa ya jiko yanapopepewa, ukafifia. Tukangoja. Ikapita robo saa hivi, ukaruka tena. Kulia kwetu, nyuma ya kiambaza, mzee mmoja alivuta pumzi kwa nguvu. Kushoto mtoto alinong'ona kitu kwa Kitaliano. Hatukuwaona, wala wao hawakutuona, lakini ubavu mzima wa meli ulikuwa na watu wamesimama gizani wakitazama kitu kimoja, na tulijuana. Nywele zangu zilikuwa zimelowa umande wa chumvi. Mume wangu alinishika mkono, mkono wake ukiwa wa baridi, na hatukusema neno hadi kisiwa kikapotea nyuma ya tezi, mwisho wa nyuma wa meli.

Huo usiku ndio ninaoulipia kila ninapolipia roshani ya wazi. Sijui kuueleza vizuri zaidi ya kusema kwamba tulikuwa nje. Hapakuwa na kitu kati yetu na ile volkano ila hewa.

Asubuhi yake reli ilikuwa inanata. Ukipitisha kidole juu ya ubao wake kinarudi na unga mweupe, ukionja ni chumvi. Viti vilikuwa vimelowa, kimeza kina madoa, na kioo cha mlango kimefanya ukungu ambao kijana aliyekuwa akitutengenezea chumba aliufuta kila siku, na kila siku ukarudi. Marehemu babu yangu, aliyesafiri kwa majahazi, angetuambia tangu siku ya kwanza kwamba tulipewa chumba cha joshini, upande unaopigwa na upepo, na kwamba wenzetu wa demani walikuwa wanakunywa chai yao kwa raha. Siku mbili katika zile saba hatukuweza kukaa nje kabisa. Mlango wenyewe ulikuwa mzito kusukuma, na mmoja wetu akiufungua wakati mwenzake anafungua ule wa koridoni, upepo ulipita chumbani kama filimbi na kila karatasi ikaruka.

Na kulikuwa na sigara. Mtu mmoja sitaha ya chini yetu alivuta kila jioni, ingawa ilani mlangoni ilikataza kwa herufi kubwa. Wengi wanadhani katazo hilo ni la afya tu. Usiku wa tarehe 23 Machi 2006, meli ya Star Princess ikiwa njiani kwenda Montego Bay, Jamaika, moto ulianza kwenye roshani, na kisababishi kilichotiliwa shaka zaidi ni kichungi cha sigara kilichotupwa. Viambaza vya roshani vilikuwa vya plastiki, vikashika moto, nao ukapanda kutoka roshani hii hadi ile, sitaha juu ya sitaha. Abiria mmoja alifariki. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zikabadilishwa, na tangu Julai 2008 fanicha na viambaza vya roshani vinahesabiwa katika mambo ya moto kama vile vya ndani. Nilipokuwa nasikia harufu ile ikipanda jioni, sikuweza kukaa kwa amani.

Watu hudhani roshani iliyofungwa ni uvumbuzi wa juzi. Kwa kiasi fulani ndivyo, ila historia yake ina mizunguko. Titanic, mwaka 1912, ilikuwa na vyumba viwili tu vya kifahari vyenye baraza zao binafsi, kila moja na urefu wa futi 50 hivi, na baraza hizo zilikuwa zimezibwa kwa madirisha. Yaani roshani mbili mashuhuri kuliko zote katika historia ya meli zilikuwa za kufungwa. Miongo mingi ikapita ambapo abiria wa kawaida alipata dirisha la duara kama sahani, au hakupata kitu. Mwaka 1984 ikaja Royal Princess, iliyojengwa Helsinki na kubatizwa na Diana, Binti Mfalme wa Wales, bandarini Southampton. Vyumba vyake vyote vya abiria vilitazama nje na vingi kidogo vilikuwa na roshani. Kutoka hapo mashindano yakaanza, na leo ukiitazama meli mpya kwa ubavu unaona mizinga ya nyuki.

Kile kioo kinachoshuka chenyewe kilitoka mitoni. Boti za watalii za Rhine na Danube hupita kwenye malango ya maji, yale mabwawa ya kupandisha na kushusha vyombo, na kwenye mfereji unaounganisha mito hiyo malango yana upana wa mita 12 tu. Kwa hiyo boti haiwezi kunenepa. Kila sentimita unayoipa roshani umeikata kitandani. Wajenzi wakafikiri: kwa nini tujenge chumba na roshani, wakati abiria hawezi kukaa sehemu mbili kwa wakati mmoja? Wakaacha roshani ya nje, wakatanua chumba hadi ubavuni, wakaweka dirisha la kushuka. Kwenye mto fikra hiyo haina kasoro. Mto hauna mawimbi, kingo ziko karibu, na uzuri wa safari ni vijiji na mashamba ya mizabibu yanayopita polepole mbele ya dirisha.

Desemba 2018 Celebrity Edge ikalichukua wazo hilo ikaliingiza baharini. Ni meli ya urefu wa mita 306, iliyojengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, na mama yake wa ubatizo ni Malala Yousafzai. Vyumba hivyo waliviita Infinite Veranda. Dada zake waliofuata, Apex, Beyond, Ascent na Xcel, wakabeba mtindo huohuo, na Januari 2024 Icon of the Seas, ya kampuni dada, nayo ikaja na baadhi ya vyumba vya namna hiyo pembeni ya vile vya kawaida.

Hapa ndipo napenda msomaji atulie kidogo, kwa sababu matangazo yanasifu ukubwa wa chumba, na ukubwa huo una hesabu yake. Kwenye meli za kizazi cha kabla ya Edge, chumba cha kawaida cha roshani kilikuwa na futi za mraba zipatazo 190, na roshani yake ya nje kama 50. Cha Edge chenye kitufe kina jumla ya futi kama 240, na katika hizo kama 40 ndiyo ile sehemu ya dirishani. Jumlisha mwenyewe. Nafasi ni ileile. Kilichofanyika ni kuivuta roshani ndani, ikahesabiwa chumba. Siyo udanganyifu, maana kweli futi zile sasa unazitumia mvua ikinyesha na baridi ikiuma. Lakini hukuongezewa kitu bure. Ulikuwa na nje, ukaibadilisha kwa ndani.

Na wenyewe wabunifu wanajua tofauti. Ukienda nyuma kabisa ya meli hizo za Edge, tezini, kuna vyumba vinavyotazama mkondo wa povu unaoachwa na meli, na huko waliacha roshani za kawaida, zenye mlango.

Sasa nirudi kwa mama.

Mama alikuja kututembelea Kent, kusini mwa Seattle, mwaka juzi. Ana miaka sabini na nne, magoti yake hayana utani, na baridi ya Juni ya kwetu huku yeye anaiita kipupwe. Meli za Alaska zinaondoka Seattle, dakika thelathini kutoka mlangoni petu, na mimi nilikuwa na hamu aone barafu. (Kwa yeyote mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayefikiria safari hii: sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inaikataza meli ya bendera ya kigeni kubeba abiria kutoka bandari ya nchi hiyo na kuwarudisha bila kugusa nchi nyingine njiani, ndiyo maana meli hizi hupita Victoria, Kanada. Hakikisha visa ya Marekani inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na shughulikia ya Kanada mapema. Sisi tulikaribia kukosa meli kwa jambo hilo.)

Nilichukua chumba chenye kitufe kwa sababu ndicho kilichobaki kwenye sitaha za katikati, ambapo meli haiyumbi sana. Ningekuwa na hiari ningechukua cha mlango, kwa ajili ya Stromboli. Namshukuru Mungu sikuwa na hiari.

Jambo la kwanza ni kizingiti. Vizingiti vya roshani za kawaida huinuliwa makusudi, kuzuia maji ya bahari na ya mvua yasiingie chumbani. Mimi kwenye ile meli ya Mediterania nilijikwaa mara mbili, na magoti yangu ni mazima. Mama angejikwaa kila siku, au angeacha kutoka. Huku sakafu ilikuwa moja kutoka kitandani hadi kwenye kioo. Aliamka, akaenda na malapa yake, akakaa.

La pili sikulitarajia kabisa. Jioni ya kwanza, baada ya kuipita Bainbridge na taa za mji kubaki nyuma, nilitoka kuoga nikamkuta mama amekaa dirishani kichwa wazi, nywele zake nyeupe amezifungua, kanga mabegani, kikombe cha chai mkononi, kioo kimeshushwa nusu. Mama yangu havui mtandio nje. Hata uani kwake Kibokoni, Mombasa, anachungulia kwanza ghorofa za jirani. Nilimuuliza kama haogopi kuonekana. Akanionyesha kushoto, ukuta mzima. Kulia, ukuta mzima. Mbele, bahari. "Nani wa kuniona hapa, samaki?"

Alikuwa amepata sitara ambayo mimi sikuwahi kuipata kwenye roshani ya wazi. Kwenye ile ya Mediterania, jirani akiegemea reli yake na kunyoosha shingo kidogo, amekuona. Mtu wa sitaha za juu sehemu za mbele akitazama nyuma, amekuona. Nilikaa na mtandio siku zote saba bila hata kufikiri. Mama, kwenye kile chumba, alivaa buibui bandarini tu, na meli ikiwa imefunga gati alishusha pazia kwa kitufe kingine, tukaendelea na mazungumzo yetu.

Sitaki kukisifia chumba kile kupita haki yake. Usiku huohuo wa kwanza, tulipotoka kwenye mlango wa bahari wa Juan de Fuca na kuingia Pasifiki yenyewe, mama alitaka hewa na kitufe kikakataa. Akabonyeza, akabonyeza tena. Baadaye kidogo sauti ikatoka darini ikisema upepo umezidi na madirisha ya roshani zote yamefungwa kutoka chumba cha usukani. Ni kwa usalama, na ni sawa. Lakini nilihisi kitu kifuani. Kwenye roshani ya kawaida wanaweza kukuomba urudi ndani, wanaweza kutoa viti, ila mlango unabaki kwako. Hapa nilikuwa nimelipia roshani na usiku ule nilikuwa na dirisha tu. Tulilala tukisikia mawimbi kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Kiyoyozi nacho kilizimika kila kioo kiliposhuka, kwa kuwa chumba na nje vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. Alaska hilo halisumbui. Kwenye joto na unyevu wa Karibi ningelifikiria sana, kwa sababu dakika kumi za kutazama bahari zinakuletea kitanda chenye unyevunyevu. Unaweza kuvuta ile milango ya kukunja, ndiyo, lakini basi unakuwa umekaa kwenye kijichumba cha upana wa mkeka, na mlango mgongoni.

Kilichonisumbua zaidi ni mwanga. Juni huko Juneau jua linazama baada ya saa nne usiku na linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Pazia zito la chumba kile lilikuwa upande wa nje kabisa, kwenye kioo kikubwa, na ile milango ya kukunja ilikuwa ya vioo vitupu. Mama ni mtu wa alfajiri. Akishaswali anataka kuiona bahari, na ili aione lazima apandishe pazia, na akilipandisha mchana wote unaingia kitandani kwangu. Kwenye roshani ya kawaida angetoka, angefunga mlango, pazia lingebaki na mimi ningelala. Siku ya tatu tuliafikiana: alipandisha kiasi cha shubiri mbili, akakaa kwenye kiti cha chini, akitazama kupitia ule ufa kama anayechungulia harusi. Wanandoa ambao mmoja anaamka mapema na mwingine anachelewa, hili lizingatieni kuliko hesabu ya futi.

Kisha ikaja siku ya barafu. Meli iliingia Endicott Arm, mkono mwembamba wa bahari kusini mwa Juneau, milima imebana pande zote na maporomoko ya maji yanashuka kama nyuzi. Mwisho wake ni barafu ya Dawes. Vipande vya buluu vilianza kupita, vidogo kama barafu ya gilasini, halafu vikubwa kama dau, na juu ya kimoja sili amelala na mtoto wake. Niliona kipande hicho kikiingia kwenye fremu ya dirisha letu, kikapita, kikatoka. Nikataka kukifuata kwa macho, nikashindwa. Kwenye roshani ya wazi unaegemea reli, unatazama mbele hadi omo na nyuma hadi tezi, unaona kinachokuja. Dirisha linakupa kilichofika. Nilivaa koti nikamwambia mama napanda sitaha ya juu.

Huko juu kulikuwa na mamia ya watu, simu zimeinuliwa, watoto mabegani, spika inaeleza jambo. Nilisimama nusu saa nikiwa sioni vizuri, vidole vikafa ganzi. Nikarudi chini.

Mama alikuwa mahali pale pale. Kioo kimeshuka, blanketi la kitandani hadi kiunoni, kofia yangu ya sufu kichwani, chai. Akaniwekea kidole mdomoni kabla sijasema neno. Meli ilikuwa imezima karibu kila mtambo na inajizungusha polepole ili kila upande upate zamu, na ukuta wa barafu ulikuwa ndio kwanza unaingia dirishani kwetu, kutoka kulia, buluu ya ndani kama ya sabuni ya mche. Tukakaa. Kipande kikamomonyoka, kikaanguka bila sauti yoyote, maji yakaruka, na tulipokuwa tumeshakisahau ndipo mshindo ukafika, mzito, ukiviringika kwenye milima.

"Umesikia?" mama akasema. "Kama dari la boriti linaanguka."

Alikaa pale kwa muda wa saa mbili. Kwenye roshani ya wazi, kwa baridi ile na upepo ule, ningemrudisha ndani baada ya dakika kumi na tungetazama kupitia kioo kilichofungwa, kimya, kama televisheni. Aliona barafu na aliisikia kwa masikio yake, amekaa, magoti yake yamefunikwa. Sikuwa na la kubisha tena.

Nilipomwambia baadaye kwamba, hata hivyo, hiyo haikuwa roshani bali dirisha kubwa, alinitazama kwa huruma. "Na ya khalati yako je?"

Khalati yangu, dada wa mama, anaishi kwenye nyumba ya familia, Mji wa Kale, ghorofa ya pili. Roshani yake inatokeza juu ya kichochoro, ya mbao tangu juu hadi chini, imezibwa kwa vipande vilivyochongwa na kutobolewa matundu, na katikati kuna vijilango vidogo vya kusukuma nje. Wanawake wa nyumba ile wamekaa mle vizazi na vizazi. Unamwona muuza kahawa, unasikia nani amegombana na nani, unateremsha kikapu kwa kamba upate mbaazi na mahamri, na hakuna anayejua kama upo. Upepo wa kusi unapita kwenye matundu umeshapoa. Jeddah, nyumba za kale zina mbao za namna hiyo hiyo, na huko huitwa roshan. Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, lina maana ya mwangaza. Sisi tulipolichukua tukaliongezea irabu, na kadiri miaka ilivyokwenda tukaliweka kwenye kila kitu kinachotokeza nje ya ghorofa, kuanzia vibaraza vya saruji vya Nyali hadi vya meli.

Kwa hiyo mimi nililelewa na roshani ya kufungwa, na nikaenda hadi Alaska kubishana kwamba roshani ya kufungwa siyo roshani. Mama alikuwa ameijua tangu jioni ya kwanza. Alikaa pale kama anavyokaa kwa dada yake, na mkao ule ule, mguu mmoja umekunjwa.

Hilo halijabadilisha usiku wa Stromboli. Bado nikisafiri na mume wangu nataka kusukuma mlango mzito, kuvuka kizingiti na kulowa. Kwa hiyo mwakani tunafanya hivi, inshallah: safari ya fiodi za Norwei, mikono myembamba ya bahari kama ule wa Alaska, majira ya joto, mama na khalati kwenye chumba cha kitufe, sitaha ya katikati, karibu na lifti. Mimi na mume wangu tezini, kwenye roshani ya wazi, na makoti. Unapochagua, fungua ramani ya sitaha badala ya picha: chumba cha kawaida kina mstari mzito kati ya kitanda na viti, ule ni mlango, kile kingine hakina mstari. Na ukiona neno infinite kwenye jina la chumba, ujue ni kitufe.

Khalati amenipigia simu jana. Hakuuliza kuhusu chakula, wala fiodi, wala baridi. Ameuliza kile kioo kikishuka, mtu anaweza kuteremsha kikapu.